Samli ya Arobaini

Kwanza niseme kuwa kidole kimekwenda, na sikililii tena. Ni kile kidogo cha mguu wa kushoto, ambacho maisha yangu yote sikuwahi kukifikiria mpaka siku walipotaka kukikata. Leo nimepona kwa kiasi ambacho mtu anaweza kupona ugonjwa usioondoka. Natembea, naona vizuri, nafanya kazi zangu, na mwili umepungua hata mashoga zangu wa zamani hunipita dukani bila kunijua. Nimekaa kuandika kwa sababu najua yuko mwanamke sasa hivi kwenye kiti cha plastiki cha hospitali, mwili umemzidi, anaona haya, na anayemfasiria maneno ya daktari ni mtu anayempenda. Kwake yeye nina neno.

Mama yangu alifariki Unguja kabla sijaanza shule. Nililelewa na bibi, na bibi naye alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Khala Moza akaniletea tikiti nimfuate Maskati. Khala Moza ni dada yake mama, na alikuwa huku tangu miaka ya sabini. Nilifika na sanduku moja na Kiarabu cha chuoni. Kurani naisoma bila kukwama, lakini muuza mboga akinitajia bei namkodolea macho. Khala akawa ulimi wangu. Dukani alisema yeye, ofisini kwa mambo ya pasipoti alisema yeye, na majirani wakinisalimu, mimi nilicheka tu na yeye akaniitikia.

Siku niliyofika alinipokea uwanja wa ndege, akanikumbatia, kisha akanishika mkono juu ya kiwiko akaupima kwa vidole vyake. Machozi yakamtoka pale pale mbele za watu. Akasema, "Mwanangu umekonda hivi? Watu watasema kwetu hakuna chakula." Nikadhani ni maneno ya mapenzi, na yalikuwa ya mapenzi. Nilikuja kuyaelewa vizuri baada ya miaka mingi.

Nyumbani kwake Sib nililishwa. Samira, bintiye wa pekee, alikuwa bado msichana wa shule, na mara nyingi nilimwona akiangalia sahani yangu kwa wivu. Nyama nzuri yangu, ukoko wa wali wangu. Nilipopata mchumba, Nassor, kijana wa watu wa Unguja kama sisi, niliwekwa ndani kwa singo ya kusugua mwili na chakula mpaka siku ya harusi. Nguo iliyokuwa imeshonwa ikabidi ifumuliwe ubavuni. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema bibi harusi amenawiri.

Tulihamia Khuwair ya Kusini, kwenye fleti ya ghorofa ya pili. Mtu asiyeishi hapa hajui mwili unavyoongezeka Maskati bila mwenyewe kufanya kosa lolote. Unguja nilikwenda shule kwa miguu, sokoni kwa miguu, kuhani misiba kwa miguu. Huku mkate tu unafuatwa kwa gari, hata kama duka unaliona dirishani. Nje ni moto, ndani ni kiyoyozi, na kila mlango unaoingia unakuta kahawa, tende na halwa, na ukikataa halwa ya mtu umemvunjia heshima. Juu ya yote hayo kuna abaya. Abaya haigombani na mtu. Gauni litakuambia ukweli kwenye zipu, lakini abaya hukuitikia kila unachotaka.

Nilipopata mimba, kliniki walinipa maji ya sukari nikanywa, wakanichoma kidole, wakasema sukari imepanda. Khala alinifasiria kuwa hiyo ni sukari ya mimba tu, itaondoka pamoja na mtoto. Na kweli mtoto alipotoka, tena kwa kupasuliwa maana alikuwa mkubwa, sukari ikashuka. Tukamwita Haitham. Asubuhi yake daktari alikuja, Mmisri mmoja mwenye miwani, akasimama miguuni mwa kitanda changu akazungumza kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole kwangu, akakunja uso, akarudia maneno, akamwangalia Khala kama mwalimu anayetaka kuhakikisha mwanafunzi ameelewa. Khala alikuwa akiitikia kwa kichwa. Daktari alipotoka nikamuuliza kasemaje.

"Kasema mtoto mzuri, mashallah. Ule, upate maziwa."

Nikafikiri, Kiarabu ni lugha ndefu kweli.

Arobaini ya uzazi niliifanyia Sib, kwa Khala. Aliyezaa kwetu anajua mambo yenyewe. Nilifungwa mkaja, nikakandwa kwa maji ya moto, nikalazwa. Alfajiri uji wa pilipili manga wenye samli. Saa nne supu ya kuku, juu imetanda samli ya manjano hata kuku hakuonekana. Mchana bokoboko limechimbwa shimo katikati, na kwenye shimo samli. Jioni mkate wa kumimina, uwatu kwa asali, na halwa. Mama mkwe wangu na wifi zangu walikuja karibu kila siku, na wakija Khala aliniambia niinuke niketi ili wanione. Alikuwa akinilisha mbele yao kwa mkono wake. Nikisema nimeshiba, anatia tonge jingine. Nilitoka arobaini viatu havinienei. Mama mkwe akamwambia Khala mbele yangu kuwa hajaona mzazi aliyetunzwa kama mimi, na Khala akainamisha uso kwa haya na furaha.

Miaka ikapita. Sikujaaliwa mtoto mwingine. Haitham akaanza shule, mimi nikajifunza Kiarabu kutokana na vitabu vyake, kisha Kiingereza katika masomo ya jioni, nikapata kazi ya karani katika wizara moja pale Al Khuwair. Nilikuwa nikikaa kutwa. Kiu ilinishika, nikaona ni joto. Usiku nilikwenda msalani mara kwa mara, nikaona ni maji ninayokunywa. Kupanda ngazi za nyumbani kulinifanya nisimame katikati nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi, lakini kila niliyekutana naye alinisifu, na mtu anayesifiwa haendi kupimwa.

Katika miaka hiyo Samira aliolewa, na mimba yake ya kwanza naye wakamkuta na sukari. Alipojifungua nilikwenda Sib kumsaidia Khala na arobaini, nikakuta mambo mageni. Supu ilikuwa ya maji matupu na limau. Uji hauna samli. Wageni wakileta halwa, Khala anashukuru na kuipeleka jikoni. Jioni anamtembeza Samira uani, huku na huku, mkaja tumboni. Nikauliza. Khala akasema tumbo la Samira halihimili mafuta. Nikasema maskini, na ile halwa ya wageni nikaila mimi, jikoni, nimesimama, huku Khala ananiona. Hakunizuia.

Ugonjwa wangu ulijitokeza kwa kandambili. Ilikuwa kiangazi, siku zile ambazo hata maji ya bomba la baridi yanaunguza. Ukanda ulinichubua kidole kidogo na mimi sikusikia. Nasema sikusikia kwa maana sikuhisi kitu. Nassor ndiye aliyeona kandambili ina damu. Tukapaka dawa, tukafunga. Wiki iliyofuata kidole kikawa cheusi pembeni, na kikanuka. Nilikwenda kituo cha afya nikiwa nimejitayarisha kwa plasta, nikachomwa kidole cha mkono, muuguzi akaangalia mashine, akanichoma tena. Akaniuliza nina sukari tangu lini. Nikamwambia sina. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko namba yake.

Kukaa kungoja ni kazi, na mtu hafundishwi. Nilijifunza kuchagua kiti cha pembeni, kwa sababu viti vya katikati vina mikono na mimi sikuenea. Nilijifunza kutonyanyua macho wakati wa mizani. Mizani ilikuwa ukumbini, mbele ya wote, na muuguzi alitaja uzito kwa sauti ili mwenzake aandike. Mara moja alikuwapo mzee wa Kizanzibari nisiyemjua, nilipopanda akageuza kiti chake kikaelekea ukutani, akawa anasoma tangazo mpaka niliposhuka. Namwombea dua mzee yule hadi leo.

Kidole kikakatwa. Kidonda kikakataa kufunga. Kiangazi kikaisha kwa bendeji, Ramadhani ikaja kwa bendeji, na sikufunga, nikawa nala mchana jikoni kama mwizi. Majira ya baridi yalipoingia, watu walipoanza kwenda ufukweni kuchoma nyama, mimi nilikuwa bado nahesabiwa zamu katika chumba cha vidonda. Nassor alinipeleka kila mara, akaninyanyua, akaniosha miguu. Lakini siku moja kwenye gari akasema, bila kunitazama, kuwa labda ningejiangalia mapema. Nikamjibu kuwa hakuna aliyeniambia nina cha kuangalia. Nilisema hivyo kwa hasira tu. Sikujua kuwa nasema kitu cha uongo na cha kweli kwa pamoja.

Kidonda kilifunga kuelekea msimu wa rutabu, tende zinapoanza kuiva. Hapo ndipo Samira alipoanza kunipeleka kwa Sista Rahma. Sista Rahma ni muuguzi wa elimu ya afya, Mmanga, yaani Mwarabu wa asili ya Oman, kama sisi, lakini wazee wake walitokea Bujumbura, na Kiswahili chake cha bara kiliwachekesha mabibi wa Unguja. Wao wanasema "nnakuja," yeye anasema "ninakuja," wakimwigiza nyuma ya ushungi. Mabibi wale wale walikuwa wamehudhuria mafunzo ya afya kwa Kiarabu miaka mingi, wakitikisa vichwa, wakirudi nyumbani na vijitabu vyenye picha za vyakula ambavyo hawapiki. Kinga ni bora kuliko tiba iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake tulikaa na fulasiki ya chai yetu ya maziwa na kopo la visheti. Sista Rahma ndiye aliyeomba ruhusa atumie ukumbi alasiri, wagonjwa wakishaondoka, aseme nasi kwa lugha tunayopikia.

Hakuja na picha. Alituambia kila mmoja aje na upawa anaopakulia nyumbani. Tukaleta. Wa kwangu ulikuwa wa Khala, alionipa nilipoolewa, na ulipowekwa mezani pamoja na mingine watu wakacheka, kwa sababu ulikuwa kama wa shughuli. Sista akapakua wali kwa kila upawa, akatuambia tuweke ngumi zetu kando ya fungu lile la wali, ngumi moja ndiyo haki ya mtu mmoja. Ngumi yangu ilionekana ya mtoto. Bibi mmoja akasema basi yeye kwa miaka yote amekuwa akimlisha mume wake haki ya familia nzima, ndiyo maana hatoki nje. Tulicheka sana siku ile. Ndiyo siku niliyoamini kuwa mwili wangu hauna laana, ulikuwa na upawa mkubwa tu.

Alasiri moja baadaye ikaja zamu ya sukari ya mimba. Sista Rahma alisema mwanamke aliyewahi kupata sukari ya mimba amepewa onyo na Mungu, na mwenye akili hushukuru onyo. Akasema kila mmoja huambiwa pale pale kitandani baada ya kuzaa apunguze mafuta na tamu, atembee, arudi arobaini ikiisha apimwe, na baada ya hapo apimwe kila mwaka. Wengi huokoka. Nikanyoosha mkono nikasema mimi sikuambiwa.

Samira alikuwa kando yangu, mwanawe mapajani. Akanigeukia kwa mshangao wa kweli, hana hila hata kidogo.

"Lakini uliambiwa, dada Zuwena. Mama mwenyewe alinambia. Nilipozaa nikawa nalilia halwa, akanambia nisikilize maneno ya daktari, kwani na wewe uliambiwa vivyo hivyo, na angalia sasa mwili wako."

Nilimwona yule daktari wa Kimisri, miwani yake, kidole chake kikininyooshea, na ile lugha ndefu. Wakati Samira anazaa mimi nilikuwa bado nina vidole vyote vya miguu. Khala alikuwa anajua, akamlinda mmoja, na mwingine akamwacha jikoni na halwa mkononi.

Nilimwambia Samira anipeleke Sib wakati ule ule. Njia nzima alikuwa analia na kusema hakujua kuwa sijui. Mimi sikulia. Nilikuwa na baridi mwilini kama mtu aliyeshikwa na homa, nikazima kiyoyozi, na baridi haikuondoka.

Khala alikuwa sebuleni anachambua mchele. Nilimpa shikamoo, kwa sababu mdomo umezoea, akaitikia marahaba, akasogeza sinia nikae. Nikabaki nimesimama. Nikamuuliza daktari alisema nini siku niliyomzaa Haitham. Hakujifanya hajui. Aliendelea kuchambua kidogo, akatoa chuya mbili akaziweka pembeni, kisha mikono ikasimama.

"Alisema usinenepeshwe. Alisema urudi ukapimwe."

"Mbona hukunambia?"

"Nlikusitiri. Ulikuwa bibi harusi juzi tu, mtoto wa watu hana mama. Wakwe wakisikia mgonjwa, wanakurejesha. Kwa nani?"

"Na samli?"

Akaniangalia. Sijawahi kuona uso ule kwake, kabla wala baada yake.

"Wewe ulikuwa amana, Zuwena. Wale wanawake walikuwa wakija kukutazama wewe na kunitazama mimi. Ningekupa supu ya maji ungetoka na mbavu nje, wangesema yatima kanyimwa kwa khala yake. Samira hata nkimlaza na njaa ni wangu. Nani atasema?"

Nikamuuliza kuhusu miaka yote iliyofuata, nilipokuwa nimeshakuwa mke wa mtu, mama, mfanyakazi, nazungumza Kiarabu kuliko yeye. Akasema, "Ningeanzia wapi?" Akarudi kwenye mchele.

Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilipokuwa nikiisikia methali hiyo nilimfikiria mchawi, mwizi, mume mwenye siri. Sikuwahi kumfikiria mwanamke anayekutilia tonge mdomoni. Niseme wazi, nilimchukia. Nilimchukia kwa hesabu yake ile, kwamba maneno ya watu yalikuwa mazito kuliko damu yangu. Nilichukia zaidi kwamba nilimwelewa. Angekuwa mbaya ningeweza kumsahau.

Nassor aliposikia alisema Khala alikuwa na nia njema, alinilisha, hakuninyima. Tukakosana vibaya. Nilimwambia anivue kiatu aitafute hiyo nia njema pale penye kovu. Hatukusemezana kwa siku kadhaa, na Haitham akawa anabeba maneno yetu toka chumba hadi chumba. Mwishowe Nassor ndiye aliyekuja. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kutembea, na nataka atembee nami.

Kutembea Khuwair ya Kusini ni kichekesho. Tulikuwa tunashuka baada ya Laasiri jua likipungua makali, tunafuata ukuta wa shule mpaka mwisho na kurudi, mimi na raba nyeupe chini ya abaya. Kila baada ya muda gari linasimama, mtu anateremsha kioo, anauliza gari letu limeharibikia wapi, tupande atufikishe. Nassor akijibu kuwa tunatembea tu, wanatuangalia kwa mashaka, wengine wanasisitiza. Watu wema, na wema wao ulikuwa huo huo tena, wa kukubeba mpaka ufe. Baadaye wakatuzoea. Baadaye zaidi, mmoja wa wale wenye magari alishuka na mkewe wakaungana nasi.

Mwili ulipungua polepole. Niliacha dawa moja kati ya tatu. Kwa Sista Rahma nikawa mimi ndiye ninayeshika upawa kuonyesha wageni. Kwa Khala sikwenda. Ijumaa zote alizokuwa akipika chakula cha ukoo, Nassor alimpeleka Haitham, mimi nilibaki nyumbani nikala ngumi yangu ya wali.

Ramadhani ilipofika, Khala alinitumia sahani ya bokoboko. Lilikuwa jepesi, halina shimo katikati. Samli aliiweka kando kwenye kibakuli, akamwambia Haitham aseme ni ya baba yake. Nilisimama nikakitazama kibakuli kile kwa muda mrefu. Ilikuwa njia yake ya kusema neno ambalo hawezi kulisema. Nassor alikula, Haitham alikula. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Hata kama huna kitu unatia tende mbili. Mimi niliiosha vizuri, nikaikausha, nikaipeleka tupu. Najua aliielewa. Sikujuta wakati ule, na sasa najuta nusu tu.

Tukakaa hivyo, sijui misimu mingapi ya tende. Kisha Samira akasafiri na mumewe kwenda masomoni nje, na siku moja akanipigia simu kutoka huko. Khala miguu imevimba, ana miadi katika hospitali kubwa, daktari wake mpya ni Mhindi, anazungumza Kiingereza. Khala hajui Kiingereza. Samira hakuniomba. Alinieleza tu siku na saa.

Nilimchukua Sib asubuhi. Alikuwa amepungua, yeye ambaye hajawahi kupungua, na abaya imemlegea. Hatukuzungumza njiani zaidi ya salamu. Kwenye ukumbi wa kungoja alitafuta kiti cha pembeni kwa mazoea ya mwili wake wa zamani, nikajua kwa nini, nikakaa wa pili yake. Sukari alikuwa nayo kumbe, ya miaka mingi, ameificha hata kwa Samira. Mficha maradhi kifo humuumbua, na alikuwa ameyaficha ya kwake kama alivyoyaficha ya kwangu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alizungumza nami kwa muda mrefu. Alisema figo zimeharibika, na kwamba kilichobaki kinaweza kuokolewa kidogo akibadilisha kula na akizifuata dawa, na asipofanya hivyo ataingia kwenye mashine ya kusafisha damu. Akasema kama angekuja mapema yasingefika hapa. Khala alikuwa akinitazama mdomo. Aliponyamaza daktari, Khala akanigusa mkono, juu kidogo ya kiwiko.

"Kasemaje?"

Siku zote nilidhani nikipata nafasi hiyo nitafurahi. Ilikuwa ndogo sana. Neno moja tu lingetosha, kasema utapona, na angeniamini, kwa sababu mtu hana budi kumwamini aliye ulimi wake. Nilimwona anavyonitazama na nikajua alikuwa anaijua nafasi hiyo kuliko mimi. Alikuwa ameshawahi kuishika.

Nilimwambia yote. Nilimwambia figo, nikamwambia mashine, nikamwambia na lile la mwisho, la kuja mapema. Sikuruka kitu. Khala alivuta ushungi wake akauweka sawa, kisha akauliza:

"Hukupunguza neno?"

"Sikupunguza."

Daktari alikuwa anaandika. Baadaye Khala akasema, taratibu, kana kwamba anaijaribu sentensi, "Basi nawe ndivyo ulivyostahili kuambiwa."

Nilimshika mkono tukashuka ngazi. Huwa nampeleka tangu siku ile, kila miadi, na siku hizi sahani zinakwenda na kurudi na kitu ndani yake. Watu wakiniuliza kama nimesamehe, nawaambia mguu wangu una vidole vinne na mimi ndiye ninayemfasiria, wachukue wanachotaka hapo.

Na wewe uliye kwenye kiti cha plastiki, daktari akishatoka, mgeukie anayekufasiria, hata akiwa mama yako, umuulize kama alivyoniuliza Khala. Muulize, hukupunguza neno? Halafu umtazame usoni.